Visima vya Bondeni

Muuguzi mkuu wa chumba cha mashine za damu hakuwa mtu wa kelele, na ndiyo maana siku alipopandisha sauti benchi zote zilinyamaza. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya sare, akawaambia wagonjwa na ndugu zao kwamba tangi la hospitali halina maji ya kuendesha mashine zote. Kuanzia wiki hiyo, kila mwenye ugonjwa wa figo angesafishwa damu mara moja kwa wiki badala ya mara tatu.

"Mara moja?" akauliza mzee mmoja aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake. "Dada yangu, mara moja ni ya kwenda sokoni, si ya damu."

"Mashine zinakunywa kuliko ng'ombe, mzee wangu. Na maji yenyewe lazima yachujwe kwanza, mengine yanamwagika humo humo. Mnataka niyatoe wapi? Mwenye uwezo wa kuchangia lori la maji, achangie. Anayemjua mtu wa idara ya maji, amwambie."

Hapo macho yakageuka, moja baada ya jingine, hadi yote yakawa kwa mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi na mkoba mapajani. Alikuwa ameshonewa nembo ya idara ya maji kwenye mfuko wa shati lake. Pale hospitalini kila mtu alimwita Mhandisi. Mumewe, Kinyozi, alikuwa ndani, ameunganishwa na mashine kwa mipira miwili kwenye mkono wa kushoto.

"Kumbe tunahangaika na mwenyewe tunaye," akasema mwanamume wa shati la mistari, ambaye mkewe alitibiwa kitanda cha jirani. "Mhandisi, vipi? Mwenye duka naye anakopa chumvi?"

Watu wakacheka kile kicheko cha kutokuwa na jingine la kufanya. Mhandisi alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. Alitaka kuwaeleza kwamba yeye hafungui bomba wala hafungi, kwamba kazi yake ni kupanga na kulinganisha, kwamba mtu anaweza kujua kila tone la mkoa lilipo na asiweze kulisogeza hata hatua moja. Lakini maelezo ya namna hiyo hayasemeki mbele ya watu wenye wagonjwa. Akasema, "Nimeshaandika ombi. Nasubiri."

"Tunasubiri sote," akajibu yule wa shati la mistari, safari hii bila kucheka.

*

Nyumbani, Kinyozi alikuwa na kiti chake cha kazi karibu na dirisha. Saluni ilipofungwa, wateja wake walimbebea kile kiti mpaka sebuleni wakakiweka mahali pa kochi, na tangu hapo alikula humo, akalala humo, akapokea wageni humo. Kiliweza kulazwa nyuma, na mtu aliyejaa maji mwilini hawezi kulala chali.

Daktari alimruhusu kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni, basi. Figo zilizokufa hazitoi maji. Kila anachokunywa kinabaki ndani yake mpaka mashine ikitoe. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa na kiu kwa kukosa, na yeye alikuwa na kiu kwa kukatazwa. Alifanya mzaha wa jambo hilo mwanzoni. "Mimi ndiye raia mwema kuliko wote," aliwaambia waliomtembelea. "Sipotezi maji ya serikali."

Dada yake mkubwa alikuja kukaa nao ili kumwangalia ndugu yake wakati mkewe yuko kazini. Mhandisi na yeye waliitana wifi, na siku hizo neno lenyewe lilitoka kwa ukali pande zote mbili.

"Wifi," akasema dada mtu jioni ile, akikamua nguo kwenye beseni la maji yaliyokwisha kuogewa, "hebu nifafanulie mimi nisiyesoma. Huo mradi wa visima vya bondeni si ndio uko mezani kwako?"

"Uko mezani pamoja na mingine mitatu."

"Na ukipita, maji yanafika mjini lini?"

"Miezi michache. Mabomba ya bondeni yapo karibu."

"Sasa unangoja nini?"

"Hauwezi kupita, wifi. Nimeupima mwenyewe. Ule mkanda wa maji ya chini ya ardhi ni mdogo."

"Mdogo kuliko ndugu yangu?"

Kinyozi akakohoa kutoka kwenye kiti. "Dada, mwache. Ametoka kazini sasa hivi."

"Simgombezi. Nauliza tu. Mtu maji yamemfika shingoni, mwenzake kalamu iko mkononi, nisiulize?"

Mhandisi akachukua beseni, akaenda kuyamwagia yale maji chooni. Alisimama kule muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

*

Ofisi ya mipango ilikuwa na ramani ya mkoa inayofunika ukuta mzima, na juu yake Mhandisi alikuwa amechora mistari minne ya rangi. Alikuwa ametumia kiangazi chote kulinganisha njia za kuupatia mji na vitongoji vyake maji kwa miaka thelathini. Bwawa la milimani lilihitaji kuhamisha watu na kungoja mvua za miaka kadhaa lijae. Bomba kutoka ziwani lilikuwa la uhakika, ila bei yake ilifanya watu wapige mluzi. Kukarabati mabomba ya zamani ndiyo ilikuwa njia rahisi, maana karibu nusu ya maji ya mji yalivujia ardhini. Lakini hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe mbele ya bomba lililozibwa. Na visima virefu vya bondeni.

Mkurugenzi wa idara aliingia na taarifa ya Mhandisi mkononi, akafunga mlango, akakaa pembeni ya meza kama mtu aliyekuja kupiga soga.

"Visima umevipa alama mbili."

"Kwenye kigezo cha chanzo kudumu, ndiyo. Kwenye vigezo vingine vimepata vizuri. Muda, gharama..."

"Lakini hiyo mbili inavivuta hadi mkiani."

"Hali ndiyo hiyo, bosi. Tulipopiga pampu ya majaribio, visima vya wakulima vilishuka. Mpaka leo havijarudi."

Mkurugenzi akapangusa uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu. "Juzi mwanamke alinivua nguo dukani, mbele ya wanangu. Kwa maneno, lakini ni kunivua. Mtoto wake anaharisha kwa sababu ya maji ya mtaroni. Ningemwambia nini? Angoje ziwa? Ziwa hakuna anayelitolea fedha. Bwawa ni ndoto. Wafadhili wa visima wapo, na maombi yao mwisho ni Ijumaa. Ukivitupa visima, hujachagua ziwa, Mhandisi. Umechagua ndoo."

"Naelewa."

"Vitatoa maji miaka mingapi?"

"Minane. Kumi tukibahatika. Ila bondeni wataanza kukaukiwa mwaka wa kwanza. Ni kaya mia sita, wanaishi kwa mboga."

"Na mjini kaya ngapi?"

Wote wawili walikuwa wanajua.

"Vipe saba," akasema Mkurugenzi. "Sikwambii uweke kumi."

"Saba ni uongo."

"Saba ni matumaini."

Mhandisi alitazama mikono yake. Hakukusudia kulisema jambo lile siku ile, likamtoka lenyewe. "Niliandika ombi la lori. Lipeleke maji hospitali, kitengo cha figo. Lina wiki mbili mezani kwako."

"Nimeliona. Lori linalotembea ni moja tu, na linagombewa na gereza na shule ya bweni." Akainuka, akaweka taarifa juu ya meza, akaisawazisha kwa vidole ili kingo zilingane. "Nisikilize vizuri. Sisemi nikupe hiki unipe kile, mimi si mtu wa hivyo. Ila mtu aliyenimalizia kazi yangu, na mimi napata nafasi ya kuimaliza yake."

*

Jumamosi Mhandisi alishuka bondeni peke yake. Alijiambia anakwenda kuhakikisha vipimo. Ukweli ni kwamba alikwenda akitumaini kuwa amekosea. Kama maji yangekuwa yamepanda hata kidogo, saba ingekuwa inasemeka.

Alianza kwa Mama Bilinganya, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili, ambaye matuta yake yalikuwa ya kwanza ukishuka kutoka barabarani. Jina lake la nyumbani lilikuwa limesahaulika sokoni. Kisima chake kilichimbwa kwa mikono na mumewe, na mume akafa, kisima kikabaki kulea watoto.

Mhandisi akateremsha utepe wa kupimia. Ulikwenda, ukaendelea kwenda, ukapita pale ulipofika mara ya mwisho. Alipoupandisha hakuhitaji kusoma namba.

"Yamepanda?" Mama Bilinganya akauliza, mikono kiunoni.

"Bado."

"Siku hizi kamba yangu naiongezea kipande, nilifikiri labda ndoo ndiyo imekuwa nzito." Akacheka mwenyewe. "Yatapanda tu. Haya, na mgonjwa wetu?"

"Yupo, mama. Anajikongoja."

"Anakula?"

"Amekatazwa vitu vingi."

"Basi kula wewe. Umekonda hadi shingo inauliza maswali." Akamjazia mfuko wa mabilinganya, na Mhandisi alipotoa pochi, akaupiga ule mkono. "Kiangazi chote unakanyaga tope letu, hujatuomba hata kikombe. Nikuuzie? Usinitukane."

Akapanda kilima na mfuko ule, akiwa ameukumbatia kifuani.

*

Jumapili alasiri miguu ya Kinyozi ilikuwa imevimba kiasi kwamba ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na shimo linakaa. Pumzi yake ilikuwa fupi na yenye mlio wa majimaji. Alikuwa hajafanya mzaha tangu asubuhi. Zamu yake kwenye mashine ilikuwa Alhamisi, na hakuna aliyethubutu kuitaja Alhamisi kwa sauti.

Mhandisi alivuta kigoda akakaa karibu na kiti, akamweleza yote: alama, lori, Ijumaa, utepe ulivyozidi kwenda chini. Alieleza kama anavyosoma taarifa, asije akalia. Ndani ya moyo alikuwa anangoja neno moja tu. Mumewe alikuwa mtu wa haki. Aliwahi kumfukuza mteja mkubwa kwa kumdhalilisha kijana wa kufagia nywele. Angesema usifanye. Na akisema usifanye, uzito ungekuwa wa watu wawili.

Kinyozi alivuta pumzi mara kadhaa akiikusanya.

"Namba tu?" akauliza.

"Si namba tu. Watu watakaukiwa, baba."

"Watakaukiwa. Kisha?"

"Kisha watahama. Watauza..."

"Watahama. Watanitukana. Watakutukana. Watafika mahali wataanza upya." Akatua kidogo kuhema. "Mimi nikikauka, au nikijaa, sijui niseme lipi, siendi mahali."

"Nilidhani utasema..."

"Ulidhani nitasema nife kwa heshima." Alimshika mkono, vidole vyake vilikuwa vya baridi na vimejaa kama soseji. "Mama, mimi ni kinyozi, si mtume. Naogopa. Nikisinzia naona nazama, nashtuka natafuta pa kushika. Unajua ilivyo, mtu kuzama amekaa kwenye kiti nyumbani kwake? Weka hiyo saba. Weka nane. Weka yoyote itakayonifikisha Alhamisi."

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha jioni. Alikuwa amesikia yote. Akakiweka kikombe juu ya meza, akatoka uani akakaa kwenye jiwe la kufulia, mgongo wake ukiwa unatikisika.

*

Jumatatu Mhandisi alifungua taarifa kwenye kompyuta, akafuta mbili, akaandika saba. Kompyuta ikazipanga upya njia zote nne yenyewe, visima vikapanda juu, ziwa likashuka, bila kuuliza sababu. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika: *Kiwango cha maji kinatarajiwa kurejea.* Akachapisha, akatia saini kila ukurasa.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. Hakumpongeza. Alisema "Ahsante" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepokea kitu msibani, akanyanyua simu.

Kabla ya saa sita mchana lori lilikuwa nyuma ya hospitali, na mpira wake umeingizwa tangini. Ndugu za wagonjwa walitoka kwenda kulitazama. Kinyozi aliingizwa kwenye mashine mchana uleule, nje ya zamu, kwa sababu muuguzi mkuu alimtazama mara moja akasema huyu hangoji mtu.

*

Ilibaki kuwauliza watu wa bondeni. Wafadhili walitaka ridhaa yao, kwa saini.

Mkutano ulifanyika Alhamisi kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda hadi kifuani, na wengine walisimama madirishani. Mkurugenzi alizungumza vizuri. Aliahidi zahanati, aliahidi ajira za kuchimba mitaro, akaeleza mateso ya mjini. Watu walimsikiliza kwa adabu, mikono imekunjwa, na hakuna hata mmoja aliyesogea mezani penye karatasi.

Mama Bilinganya akainuka, dawati likalia.

"Bosi, usikasirike. Wewe tunakuona leo, na viatu vyako bado vinang'aa. Huyu binti tumemwona kiangazi chote, jua lake, tope lake. Aseme yeye. Akisema visima vyetu vitabaki, natia saini wa kwanza. Akisema havibaki, kusanyeni karatasi zenu, tuagane kwa heri."

"Aseme!" wakaitikia madirishani.

Mhandisi akasimama. Kule hospitalini, saa ileile, Kinyozi alikuwa kwenye mashine kwa mara ya pili wiki ile, na lori lingetakiwa kurudi kesho, na keshokutwa, na wiki ijayo. Alikuwa amejiandalia maneno ya kitaalamu, marefu, ya kupita katikati bila kugusa upande. Yote yakamkauka mdomoni.

"Wakati wa majaribio maji yalishuka," akasema. "Mliona wenyewe."

"Tuliona."

"Pampu ikipigwa kwa nguvu, maji hushuka. Halafu hurejea."

Mzee mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. "Mbona kwangu hayajarejea?"

Kabla hajajibu, Mama Bilinganya akamgeukia yule mzee. "Hata kwangu hayajarejea. Jumamosi nilisimama hapohapo, utepe ukaenda chini nikauona kwa macho yangu. Lakini mimi na wewe tunajua nini? Tunajua kuyachota. Yeye amesomea." Akarudisha uso mbele. "Yatarejea, mwanangu?"

"Yatarejea," akasema Mhandisi.

"Basi."

Walipiga makofi. Mama Bilinganya alipita kati ya madawati, akainama mezani, akaandika jina lake lote taratibu, herufi kwa herufi, huku amekunja ulimi pembeni ya mdomo. Nyuma yake foleni ikajipanga mpaka nje. Mzee wa safu ya mbele alitia saini pia, akampa Mhandisi mkono, akamwombea mumewe afya. Mkurugenzi alikuwa amegeuka anasoma ubao, ingawa ubaoni hapakuwa na kitu isipokuwa tarehe.

*

Alimkuta Kinyozi ameshatolewa kwenye mashine, amekaa pembeni ya kitanda, viatu vimeingia miguuni bila kulazimishwa. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa na mifupa. Alikuwa na njaa, akasema. Alikuwa amesahau njaa ilivyo. Kisha akamwangalia mkewe.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamepiga makofi."

Kinyozi akalichukua koti lake kwenye msumari, akashindwa kupata mkono wa kuingilia, na Mhandisi akamsaidia.

Nje walipata teksi. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, redio iko juu, na alipoambiwa wanakokwenda akawasha taa ya kukatia kushoto. "Tukate bondeni, wazee wangu. Dakika chache tu tumefika."

"Pita barabara ya juu," akasema Mhandisi.

"Ya juu inazunguka mlima mzima, mama. Na bei itakuwa nyingine."

"Nitalipa."

"Mgonjwa atachoka bure, na bondeni kuna kivuli, kijani kibichi, mtu anapunga hata upepo..."

"Kijana," Kinyozi akamkatiza kutoka kiti cha nyuma, "umeambiwa ya juu."

Dereva akainua mabega, akazima redio, akakata kulia. Gari likaanza kupanda polepole, likilalamika kwenye kila kona. Kinyozi alikuwa amekaa upande wa dirisha linalotazama chini bondeni. Baada ya kona ya pili aliomba wabadilishane viti, na mkewe akasema hapana, yeye pia hataki upande ule. Wakasogea wote wawili katikati, wakabanana hapo bila kusema, kila mmoja akitazama kisogo cha dereva, mpaka wakafika nyumbani.